Tairi Lililoandikwa 28

Tairi la nyuma lilichanika ubavuni asubuhi, nikiwa Magomeni, kwenye njia ya baiskeli iliyo kando ya mwendokasi. Baiskeli ilikuwa ya mtumba, aina ile ya usukani ulionyooka, fremu ya alumini na matairi membamba kiasi. Si ya mashindano, si ya milimani. Kwa kwenda kazini na kurudi sijaona inayoizidi. Unaibeba ngazini kwa mkono mmoja, unakaa umeinua kichwa ukaiona daladala inayochomekea, na vidole viko kwenye breki muda wote. Taabu yake ni vipuri.

Mchaniko ulikuwa wa kama sentimita 2, tyubu ikatokeza hapo na kupasuka. Niliikokota hadi kwa fundi aliyekuwa kivulini, mtu mzima.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, kijana wangu. Ilaze hapo."

Alilikagua tairi, akamtuma kijana dukani. Likaja jipya limeandikwa 28 × 1½, lile la baiskeli za Phoenix.

"Mzee wangu, hili halitakaa."

"Mbona hata yako ni 28?"

Zote huitwa 28, ndiyo. Namba ya kusoma ni ile ndogo ubavuni. Langu liliandikwa 32-622, la dukani 40-635. Ya kwanza ni upana wa tairi, ya pili ni kipenyo cha ringi pale tairi linapokalia, zote kwa milimita. Tofauti ya milimita 13 kwenye kipenyo ni sentimita 4 kwenye mzunguko. Mzee alilivisha kwa mikono mitupu, likacheza. Tairi la saizi yake halivaliki hivyo: kipande cha mwisho hukisukuma kwa vidole gumba mpaka viume. Lililolegea, ukilijaza upepo, huruka nje ya ringi na tyubu hupasuka. Akalivua mwenyewe, akalirudisha dukani.

Tyubu za pale nazo hazikufaa. Nozeli zake ni nene, na tundu la ringi yangu ni la nozeli nyembamba ya Presta, kama milimita 6.5. Mzee alitaka kulipanua kwa drili. Kwa ringi nyembamba namna ile sikukubali. Tyubu ya akiba nilikuwa nayo chini ya kiti, pamoja na kile kichwa kidogo cha shaba kinachofungwa juu ya nozeli ya Presta ili pampu ya kawaida iingie. Bila kichwa hicho, pampu ya fundi yeyote wa mtaani haikusaidii.

Kilichobaki kilikuwa kuziba mchaniko kwa ndani. Kipande cha tyubu kuukuu hakifai kwa kazi hii kwa sababu kinavutika, upepo ukikisukuma kinatokeza nje vilevile. Kinatakiwa kitu kisichonyumbuka. Mzee alikata kiroba cha sukari, akakikunja mara tatu, akahakikisha kinavuka mchaniko kwa sentimita 2 kila upande, akakilaza kati ya tairi na tyubu. Tukajaza upepo kidogo kwanza, tukazungusha gurudumu kuangalia kama kuna uvimbe, ndipo tukaongeza. Nilimwomba aishie kwenye kama PSI 50 (kipimo cha msukumo wa upepo), ingawa kwa uzito wangu tairi la upana ule hutaka 70. Ilinifikisha.

Chanzo hakikuwa msumari wala chupa. Raba ya breki ya kushoto ilikuwa juu mno, kila nikibana inalamba ubavu wa tairi, imekula nyuzi kidogo kidogo. Alama yake ni mstari uliochunika unaozunguka tairi zima. Unalegeza bolti ya raba kwa ufunguo wa pembe sita wa milimita 5, unaishusha hadi ikae yote kwenye chuma cha ringi, milimita 1 au 2 chini ya ukingo wa tairi, kisha unakaza huku umebana breki ili isizunguke.

Tairi la 35-622 nililipata Kariakoo, la mtumba, ubavu mzima. Ni pana kuliko la mwanzo, likabakiza nafasi finyu chini ya madigadi, na tope la masika hujaa hapo hadi gurudumu likawa zito. Nililegeza vishikizo vya madigadi nikayapandisha hadi kidole kikapita.