GB 8 au GB 16? Nilivyochagua laptopu ya gemu

Jumamosi nilisimama dukani hapa Mwanga, Kigoma, karibu saa nzima. Laptopu mbili mezani, bei zinakaribiana: moja RAM (kumbukumbu ya kufanyia kazi) GB 8 na SSD (diski ya kuhifadhia) ya terabaiti 1, nyingine RAM GB 16 na SSD ya GB 512. Nikamwambia muuzaji, “Kaka, naomba tufungue mifuniko ya chini.” Akakubali, Mungu ambariki.

Uamuzi wote ulikuwa humo ndani. Ile ya kwanza RAM yake imechomelewa kwenye bodi, huwezi kuongeza hata ufanyeje. Ya pili ina vijiti viwili vya RAM vya GB 8, na pembeni nafasi tupu ya M.2, yaani ya kuchomeka SSD nyingine, skrubu yake ndogo bado ipo. Vijiti viwili hupitisha data kwa njia mbili kwa pamoja, na kwenye gemu unaiona tofauti.

Nikachukua ya pili.

Ila nafasi ya kuhifadhi inaniuma. Hiyo GB 512 Windows huionyesha kama 476 hivi, na gemu kubwa moja hula GB 100 na zaidi. Wanaosema “futa, utapakua tena” hawanunui bando kama sisi. Kwangu kuirudisha gemu moja ni kukesha usiku kadhaa.

Kwa hiyo mzigo wangu wa dagaa ukitoka vizuri mwaloni Kibirizi, naongeza SSD ya NVMe (aina yenye kasi) ya terabaiti 1 kwenye ile nafasi tupu. Muuzaji kaniandikia namba kwenye karatasi: 2280. Maana yake upana milimita 22, urefu 80. Pima nafasi yako kabla hujalipa.