Mapafu makubwa siyo kila kitu kwenye baiskeli

Watu wanapenda kumtaja Miguel Indurain, yule mwendesha baiskeli Mhispania aliyeshinda Tour de France, yale mashindano makubwa ya baiskeli ya Ufaransa, mara 5 mfululizo, 1991 mpaka 1995, eti alishinda sababu mapafu yake yalikuwa yanabeba kama lita 8 wakati mwanaume wa kawaida ana kama 6. Sawa, ila mazoezi hayakuzi mapafu ya mtu mzima kihivyo, ukubwa wake unafuata zaidi urefu na maumbile, kinachobadilika sana ni moyo, damu na misuli ya miguu.

Mi naona cha kuangalia ni unavyopumua. Ukiwa umetulia unavuta pumzi kama 12 hadi 20 kwa dakika, ukikaza mlimani inafika 40, 50 na zaidi, na hapo ndo wengi wanaanza kuhema juu juu. Sasa piga hesabu, ukivuta nusu lita, karibu mililita 150 zinaishia njiani tu kwenye koo na mirija, oksijeni yake huipati. Ukivuta lita 2, hasara ni ileile 150! Kwahiyo vuta pumzi ndefu: legeza mabega, acha tumbo litoke (hakuna anayekuangalia bwana), toa hewa yote kwanza ndo uvute.