Rockies waanze na nafasi 40, nyota atasubiri

Colorado Rockies, timu ya besiboli ya Denver katika ligi kuu ya Marekani, walimaliza msimu wa 2025 na ushindi 43 na vipigo 119. Walipata mikimbio 597, wakaruhusu 1,021. Warushaji wao wa kuanzia waliruhusu wastani wa mikimbio 6.65, bila kuhesabu iliyotokana na makosa ya walinzi, kwa kila iningi 9 (yaani mechi nzima), na hakuna timu iliyofanya vibaya zaidi tangu takwimu hiyo ianze kuwekwa rasmi mwaka 1913. Lakini kila majira ya baridi yakifika, mashabiki tunalilia mpigaji mkubwa. Kwa timu iliyo katika hali hii, mpigaji mkubwa ni pesa zilizotupwa. Kinachotakiwa ni mikono mingi ya kurusha, na mikono hiyo inapatikana kwa njia ambazo Rockies wamekuwa wakizitumia kidogo mno.

Tuanze na jambo ambalo klabu hupenda kulizunguka: mrushaji mzuri aliye huru kuchagua hachagui Denver. Uwanja wa Coors Field uko karibu mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, na hewa yake ni nyepesi kwa takribani moja ya tano kuliko ya pwani. Mrushaji anajua takwimu zake zitaharibika pale, na takwimu ndizo zinazompa mkataba unaofuata. Aliyekubali pesa nyingi kuliko wote ni Mike Hampton, Desemba 2000: miaka 8, dola milioni 121. Alidumu misimu 2.

Zipo njia nne ambazo mchezaji haulizwi anataka kwenda wapi: drafti, kubadilishana wachezaji, weiva, na ile drafti ya Kanuni ya 5 inayofanyika Desemba, ambako klabu huchagua wachezaji wa ligi ndogo ambao klabu zao hazijawalinda. Katika weiva, klabu ikimwacha mchezaji, klabu nyingine huruhusiwa kumchukua, na foleni huanzia kwa timu yenye rekodi mbaya zaidi. Baada ya vipigo 119, Rockies wako mbele ya wote. Kila mrushaji anayebanwa na msongamano kule Los Angeles au New York akiwekwa weiva, wao ndio wa kwanza kusema ndiyo au hapana. Hiyo ni mali, na msimu mbaya kama ule haukuacha mali nyingine nyingi.

Ila ukimchukua mtu weiva lazima umpe nafasi katika orodha ya wachezaji 40, wale wa kikosi cha kwanza pamoja na wale ambao klabu inawalinda wasichukuliwe na wengine. Hapo ndipo suala la mpigaji wao Kris Bryant linapouma. Mkataba wake wa mwaka 2022 ni wa miaka 7 na dola milioni 182, na kwa 2026 hadi 2028 anadai milioni 26 kila mwaka. Mgongo umemsumbua kiasi kwamba mwaka 2025 alicheza mechi 11 tu. Msimu ukiendelea huwekwa katika orodha ya majeruhi ya siku 60, na hapo nafasi yake inakuwa wazi. Lakini orodha hiyo hufungwa siku chache baada ya World Series, fainali ya ligi, kumalizika, na wote waliokuwamo hurudi kuhesabiwa kati ya wale 40. Yaani kuanzia Novemba hadi Februari, miezi ambayo klabu nyingine zinapunguza watu na weiva inachangamka, Rockies wanakaa na kiti kisichotumika. Pesa zile watazilipa iwe yupo au hayupo. Ningemwacha kwa heshima, nimshukuru hadharani, nichukue kiti.

Sasa, ni mikono ya namna gani? Hapa ndipo makosa mengi yamefanyika. Kwa miaka mingi iliaminika kwamba dawa ya Denver ni mrushaji wa sinka, anayelazimisha mpira upigwe chini. Hampton alikuwa wa aina hiyo. Tatizo ni kwamba sinka na mpira wa mkunjo huhama njia kwa sababu mzunguko wake unasukumana na hewa. Hewa ikipungua kwa moja ya tano, na mkunjo unapungua kwa karibu kiasi hicho hicho. Mpira uliozoea kushuka sentimita 40 kwa nguvu ya mzunguko sasa unashuka 32 au 33, na zile sentimita 7 au 8 zinatosha kuutoa ukingoni mwa gongo na kuuweka katikati yake.

Tafuta mirusho isiyotegemea hewa sana. Ya kwanza ni slaida inayozunguka kama risasi, mhimili wa mzunguko ukielekea kule mpira unakokwenda. Mzunguko wa namna hiyo hauupindishi mpira. Unaoushusha ni uvutano wa dunia, na uvutano ni ule ule Denver au San Diego. Ya pili ni splita, mpira unaobanwa kati ya vidole viwili, yenye mzunguko mdogo. Ya tatu ni chenjapu, mpira wa polepole wa kumhadaa mpigaji, ambayo ubora wake ni tofauti ya kasi na mpira wa haraka, kilomita 13 hadi 16 kwa saa, kuliko ile inayosifiwa kwa kuhama pembeni. Na juu ya yote, kasi tupu. Ubaldo Jiménez mwaka 2010 alishinda mechi 19 akiwa na wastani wa 2.88, na silaha yake kubwa ilikuwa mpira wa haraka uliowachelewesha wapigaji.

Faida nyingine huzungumzwa mara chache. Mrushaji wa mkunjo anaporudi usawa wa bahari, mpira wake unaanza kuhama zaidi kuliko alivyouzoea, naye hukosa shabaha kwa siku kadhaa. Mwenye slaida ya risasi anarusha kitu kile kile kote. Kwa timu inayohama kati ya milima na pwani msimu mzima, hilo lina thamani.

Albuquerque, timu yao ya daraja la Triple-A, ligi ndogo ya juu kabisa, nayo iko kwenye mwinuko unaokaribia wa Denver. Pale wastani wa mikimbio usitumike kumhukumu kijana. Utamtupa mzuri na kumbakiza mwenye bahati. Angalia ni mara ngapi wapigaji wanazungusha gongo na kukosa, na ni mara ngapi anawapa beso ya bure kwa kurusha mipira minne nje ya shabaha. Hewa inavigusa vitu hivyo viwili kidogo kuliko inavyogusa mikimbio.

Hesabu ya opsheni nayo inahitaji umakini. Opsheni ni ruhusa ya kumshusha mchezaji ligi ndogo bila kumpitisha weiva. Kwa kawaida kila mmoja ana misimu 3 ya opsheni, na ndani ya msimu mmoja hashushwi zaidi ya mara 5. Mrushaji akishushwa anakaa huko angalau siku 15, isipokuwa anarudi kuziba pengo la majeruhi. Warushaji wasizidi 13 kati ya wachezaji 26 wa kikosi cha kwanza, na Denver huwachosha haraka, kwa hiyo kila shabiki husema: wazungusheni! Tufanye hesabu. Kiti kimoja kikibadilishwa kila siku 5 kwa msimu wa siku 186, unapata mabadiliko 37. Kwa mara 5 kila mtu, unahitaji watu 8 kwa kiti kimoja. Haiwezekani ndani ya nafasi 40. Ukibadilisha pale tu timu iko nyumbani, mwanzoni na katikati ya kila kipindi, mabadiliko yanashuka hadi karibu 26, na watu 6 wanatosha. Basi kiti kiwe kimoja tu, na viwili vingine wapewe warushaji wa akiba wanaoweza kwenda iningi 3 bila kulegea. Kati ya nafasi 40 ningetenga 22 kwa warushaji.

Kwenye Kanuni ya 5 ningechukua mrushaji mmoja kila mwaka. Ada ni dola 100,000, na lazima abaki na kikosi cha kwanza msimu wote, la sivyo hupitishwa weiva na kurudishiwa klabu yake kwa nusu ya ada. Timu inayowania ubingwa haiwezi kumbeba mtu wa kujifunza. Rockies wanaweza. Wawili kwa pamoja ni wengi mno, kwa sababu nao hawana ruhusa ya kushushwa na kile kiti cha kuzungusha kinakufa.

Kwa wapigaji sina mengi. Hunter Goodman, mdakaji aliyepiga hom rani (mipira inayovuka ukuta wa uwanja) 31 mwaka 2025, asiguswe, ila apumzishwe nyuma ya beso ya nyumbani mara mbili kwa wiki timu ikiwa Denver. Ezequiel Tovar ana mkataba mrefu na ni mlinzi bora wa shotistopu, nafasi iliyo kati ya beso ya pili na ya tatu. Brenton Doyle alipiga vibaya mwaka 2025, na kumuuza sasa ni kumtoa bure; uwanja wenye mita 126 hadi ukuta wa katikati unahitaji miguu yake. Beso ya kwanza asinunuliwe mtu wa miaka mingi, kwa sababu Charlie Condon, chaguo la 3 la drafti ya 2024, anaweza kucheza hapo.

Anayepaswa kuuzwa ni Mickey Moniak. Aliachwa na Angels Machi 2025, Rockies wakamwokota kwa bei ndogo, akapiga hom rani 24. Huo ndio uokotaji ninaoutaka, lakini mzunguko haujakamilika mpaka auzwe Julai akiwa moto. Badala yake wasiombe majina. Waombe warushaji wawili wa daraja la Double-A, hatua moja chini ya Triple-A, wenye slaida ya risasi, na kwanza waulize walisajiliwa lini: aliyesajiliwa akiwa na miaka 19 au zaidi hana budi kuingizwa kwenye orodha ya 40 kabla ya drafti yake ya 4 ya Desemba, na aliyekuwa na miaka 18 au chini kabla ya ile ya 5. Mwenye miaka miwili ya kungoja ana thamani kuliko mwenye kipaji kile kile anayehitaji kiti Novemba hii.