Tundaua na mtoto wa ami aliyetoka Alberta

Boti ilivyotoka Malindi, Unguja, kwenda Pemba bahari ilikuwa shwari, tulipopita Nungwi ndo ikaanza kucheza, watu wanasoma dua na mtoto wa ami yangu yeye yuko bize ananielezea kazi yake. Yupo Alberta, Kanada, kwenye mafuta mazito, yale yaliyoshikana na mchanga yanakaribia kuwa lami, ukiyataka lazima uyachimbe na mchanga wake au uyapashe kwa mvuke hukohuko chini. Na ule mvuke unapatikana kwa kuchoma gesi, ndo maana pipa moja linaacha hewa ukaa nyingi, ile inayoipasha dunia joto, hata kabla halijafika kwenye gari ya mtu.

Kaja likizo, nikamwambia lazima twende Tundaua, mafuta yanatoka yenyewe ardhini.

Mkoani tukapata gari, njia nzima karafuu zimeanikwa majamvini, harufu mpaka ndani. Tundaua mzee mmoja akatupeleka, akachokoa kwa kijiti, maji yakaja na utando unaong'aa rangi rangi na harufu ya mafuta kabisa. Tulipomwambia kwamba huko Alberta hewa ukaa nyengine inazikwa ardhini, mzee akamuuliza jamaa swali ambalo mimi sikuliwazia: "Mwanangu, kama mafuta yanapenya yakatoka hapa, hiyo hewa mnayoizika huko kwenu itakaaje?"

Jamaa akachuchumaa, akaanza kuchora chini. Karibu na Edmonton kuna mradi unaitwa Quest, ulianza 2015, kiwanda kinatengeneza haidrojeni ya kulainisha yale mafuta na hapo ndo hewa ukaa inapotoka, wanaipitisha kwenye kemikali inayoinasa, wanaipasha itoke, wanaigandamiza, inasafiri kwenye bomba kama kilomita 65 halafu inasukumwa chini kilomita 2 kwenye mwamba wa mchanga wenye maji ya chumvi. Juu yake kuna tabaka za udongo mgumu na chumvi nene, kama kifuniko. "Hapa mzee kifuniko kina ufa, ndo unachokiona, hapa mimi nisingezika kitu." Nilipenda alivyojibu, hakumzunguka mzee wa watu.

Kwa mwaka wanazika kama tani milioni 1. Ila nikambana, akakubali kwamba hiyo ni kama theluthi moja tu ya moshi wa kiwanda kile, na moshi wa gari zitakazochoma mafuta haumo kabisa, na zaidi ya nusu ya pesa ya mradi ilitoka serikalini. Mimi hapo ndo roho inaniuma, maana kampuni ya mafuta ya BP walishachimba Pemba mwanzoni mwa miaka ya 1960 wakaondoka, na 2018 serikali yetu ya Zanzibar ikasaini mkataba wa mafuta na gesi na RAK Gas, kampuni ya Ras Al Khaimah, kwahiyo mafuta yakipatikana kweli mi nataka habari ya moshi iandikwe mwanzo, nani atalipa na utazikwa wapi, sio tuambiwe mbele ya safari.

Usiku Chake kwa shangazi, tunakula, akataka kujua kampuni ikishaondoka nani anabaki kupima kama hewa iliyozikwa haivuji. Jamaa akasema Alberta kampuni inachangia mfuko wa pesa za uangalizi, inaendelea kupima, ikithibitika salama ndo serikali inabeba dhamana.

"Na hapa kwetu huo mfuko atashika nani wanangu?"

Tukabishana mpaka sahani zikaondolewa, jamaa anataka serikali, mi nataka masheha, wale viongozi wa mitaa, na watu wa shehia wawemo.