Viatu vya mlangoni

Leo naandika kuhusu baba, nimeahirisha muda mrefu mno na naona yeye anazidi kuzeeka na mimi nazidi kusahau.

Nyumbani kwetu kila usiku kabla ya kulala baba anahesabu viatu mlangoni. Toka nikiwa mdogo. Anakuja na tochi, anagusa kila jozi kwa ncha ya fimbo, akikuta pungufu hafungi mlango, anavuta kiti anakaa anasubiri. Kaka alipofikia umri wa kuchelewa kurudi ilikuwa vurugu kila siku, mama anasema mwache mtoto bwana, baba anajibu neno moja tu, "Hatujatimia." Mimi nilichukulia ni ukali wa wazee wa zamani.

Baba hakuwa askari wa kuajiriwa, alikuwa mgambo. Mwaka 1978 Amin alipovamia Kagera, na Mwalimu akatangaza kwamba uwezo wa kumpiga tunao, sababu tunayo na nia tunayo, mgambo wengi wakachukuliwa kuongezea nguvu jeshi, baba akaenda akimwacha mama na mimba ya miezi mitano. Kaka alizaliwa Machi 1979. Baba aliporudi mtoto alimkimbia, na mama mpaka leo akisimulia hapo anafuta macho kwa ncha ya khanga.

Ukimuuliza habari za vita anakwambia kutembea. Yaani ni hivyo tu, tulitembea, Mutukula, Masaka, mbele tena, mzigo mgongoni na mvua juu. Vita ilipoisha akarudi kwenye jembe, Mwalimu akaomba wananchi wafunge mkanda miezi 18, na kwetu mkanda ulikaa pale pale miaka na miaka.

Mwaka juzi mimi na kaka tukampeleka Kaboya, kule Muleba, kwenye makaburi ya mashujaa. Mistari ya makaburi imenyooka kama gwaride. Baba akapita taratibu akisoma majina, mstari wa kwanza, wa pili, fimbo inagusa chini kila kaburi, na mimi nyuma yake nikaiona ile fimbo nikakumbuka viatu, moyo ukanipasuka. Mwisho akakaa chini. Akasema, "Siwajui. Hawa wameandikwa majina yao kamili."

Kumbe wao kule waliitana majina ya utani tu. Halafu akasema kwa mara ya kwanza habari za Lukaya, mji mdogo wa Uganda kwenye njia ya kwenda Kampala. Jioni ya tarehe 10 Machi Walibya waliokuja kumsaidia Amin walifyatua maroketi, kikosi kikatawanyika, watu wakaingia kwenye kinamasi, giza, humwoni mwenzako, unasikia maji tu yanachapwa na miguu na hujui ni ya nani. Kulipokucha wakaanza kuhesabiana. Najua kesho yake brigedi nyingine ilizunguka ikapiga kutoka ubavuni na Lukaya ikachukuliwa, na Aprili 11 Kampala ikaanguka, hayo yameandikwa. Ila baba alibaki kwenye ile hesabu ya asubuhi. Na inaniuma, kila Julai 25 wanatajwa mashujaa yeye yuko sebuleni na redio yake, hajawahi kuulizwa na mtu uliwapoteza akina nani, hata sisi wanawe hatukuwahi kumuuliza.

Kwenye gari nikatoa daftari nikamwambia baba nitajie. Kipanga. Saa Sita. Mrefu. Fundi Cherehani. Mwalimu Hesabu. Teacha. Bwana Ugoro. Saba. Akasema walikuwa wanane, akawa anagonga paji la uso kwa kidole, halikuja.

Tulilala gesti, chumba kimoja cha baba na kaka, mimi cha pili. Akatoka koridoni kuhesabu viatu, jozi tatu, akafunga mlango.

Saa nane usiku nikasikia fimbo inagonga mlangoni kwangu. Nikawasha taa, nikaandika: Mdogo.