Siku Moja Maishani Mwangu: Mkufunzi wa Udereva wa Kujihami

Saa 12 asubuhi huwa nimeshafika uwanja wa mafunzo, kwa sababu simkabidhi mtu gari ambalo sijalikagua mwenyewe. Napima upepo wa tairi zikiwa bado baridi, maana tairi iliyokwisha kupata joto huonyesha upepo mwingi kuliko ulio wa kawaida yake, kisha napitisha kidole kwenye kashata, yaani ile mikato ya uso wa tairi, kuona kama zimelika sawasawa pande zote. Sehemu ya tairi inayogusa lami kwa wakati mmoja ni takriban ukubwa wa kiganja cha mkono, na kila tutakachokifanya kutwa nzima kitategemea viganja hivyo vinne.

Saa 2 darasa lilianza. Asubuhi ya leo ilikuwa zamu ya madereva wa kampuni ya usambazaji wa bidhaa, watu wazima wenye leseni za miaka mingi, ambao wengi wao walitumwa na mwajiri wala hawakuomba kuja. Sikuanza na sheria za barabarani, kwani wanazijua. Nilianza na hesabu: gari linalokwenda kilomita 100 kwa saa hukata karibu mita 28 kila sekunde, na dereva aliye macho huhitaji sekunde moja hivi, mara nyingi zaidi, ili aone hatari, aitambue na ahamishie mguu kwenye breki. Mzee mmoja aliyekaa nyuma alinyoosha mkono akasema, "Mwalimu, mimi nimeendesha malori tangu ujana wangu na sijawahi kugonga hata baiskeli."

Namheshimu dereva wa aina hiyo, na nilimwambia hivyo mbele ya wenzake. "Lakini, mzee wangu, katika miaka yote hiyo ni mara ngapi mwenzako ndiye aliyepunguza mwendo au kusogea pembeni mkapishana salama?" Alifikiri kidogo, akakiri kwamba ni mara nyingi. Udereva wa kujihami huanzia hapo, katika kukubali kwamba huenda jana ulifika salama kwa umakini wa mtu mwingine, na kwamba kesho mtu huyo anaweza kuwa amechoka au anatazama simu.

Saa 3:30 tulitoka darasani kwenda uwanjani, na muda mrefu ulipita kabla injini haijawashwa, kwa sababu tulikuwa tunajifunza kukaa. Mgongo ukiwa umeegemea kiti, kifundo cha mkono kinapaswa kufika juu ya usukani bila bega kunyanyuka. Goti libaki limekunjwa kidogo hata breki inapokanyagwa hadi mwisho. Kifua kiwe angalau sentimita 25 kutoka kwenye usukani, kwa kuwa mfuko wa hewa hufumuka kwa nguvu nyingi. Dereva aliyejilaza kwenye kiti hana mahali pa kuegemeza nguvu zake anapotakiwa kukanyaga breki kwelikweli, hata gari likiwa jipya.

Saa 4 tulifika kwenye zoezi ninalolithamini kuliko yote. Tulimwagia lami maji, kisha kila dereva akapewa koni aiweke mahali anapoamini gari litasimama akifunga breki kwa mwendo wa kilomita 50 kwa saa, halafu kwa kilomita 70. Kwa mwendo wa kwanza wengi walikaribia. Kwa mwendo wa pili koni zote zilipitwa, nyingine kwa mbali, kwa sababu umbali wa kufunga breki haukui kwa kadiri ya mwendo bali kwa kipeo chake cha pili: kutoka 50 hadi 70 unakaribia kuwa maradufu. Nikawaeleza jambo ambalo huwanyamazisha watu kila mara, kwamba magari mawili yanayofanana yakianza kufunga breki mahali pamoja, pale lile la kilomita 50 linaposimama kabisa, lile la 70 linapita likiwa bado na mwendo wa karibu kilomita 50 kwa saa.

Kijana mmoja aliposikia pedali ikimtetemekea mguuni alishtuka akaiachia. Hiyo ndiyo kazi ya mfumo wa ABS: unazuia tairi zisikwame ili usukani uendelee kutii, na kinachotakiwa ni kuendelea kukandamiza huku ukielekeza gari, na macho, kule kwenye nafasi iliyo wazi. Nilimrudisha mara kadhaa hadi mguu wake ukaacha kuogopa mtetemo ule.

Waliniomba niwafundishe pia kulirudisha gari linapoteleza, na nilikataa. Nchini Norway, uchunguzi uliofanywa katika miaka ya 1980 ulionyesha kwamba vijana wa kiume waliopitia mafunzo ya lazima ya barabara zenye utelezi walipata ajali zaidi kwenye barabara za namna hiyo, na maelezo yaliyokubalika ni kwamba walijiamini kupita uwezo wao. Naliona jambo hili kuwa la msingi katika kazi yetu: zoezi la uwanjani linalomtoa dereva akijiona fundi limemdhuru, hata kama amelifurahia.

Saa 7 mchana nilikutana na meneja wa usafirishaji, ambaye alikuja na orodha ya madereva wanaofunga breki kwa ghafla, iliyotolewa na vifaa vya kufuatilia magari. Nilimwomba ailinganishe na ratiba za kupeleka mizigo. Waliokuwa juu kwenye orodha ndio wale waliopangiwa vituo vingi kwa muda usiotosha, na wawili kati yao walianza kazi usiku. Mtu aliyekaa macho saa 17 mfululizo hupungukiwa na uwezo sawa na mwenye kileo cha asilimia 0.05 katika damu, na hakuna mkufunzi awezaye kuliondoa hilo darasani. Nilimsimulia pia kuhusu kampuni ya simu ya Sweden iliyojaribu njia nne za kupunguza ajali za wafanyakazi wake, ikiwemo mafunzo ya udereva. Iliyofaulu zaidi ilikuwa mijadala ya madereva wenyewe kwa wenyewe katika vikundi vidogo. Hayo hayanifurahishi kama muuza mafunzo, lakini mwajiri ana haki ya kuyajua.

Saa 9 alasiri ilikuwa zamu ya mama mmoja aliyejilipia mwenyewe, ambaye tangu agongwe kwa nyuma huiogopa barabara kuu. Nilimtaka aendeshe huku akisema kwa sauti anachokiona na anachokitarajia. Mwanzoni alitaja magari tu. Baada ya muda akasema, "Basi limesimama, mlango uko wazi, naona miguu chini yake upande wa mbele, napunguza," na kweli mtoto akachomoza.

Tukahesabu pia nafasi: gari la mbele likipita kibao, unaanza "mia moja na moja, mia moja na mbili," na usikifikie kabla hujamaliza, mvua ikinyesha, hesabu iende hadi nne. "Mwalimu, si wataniingilia mbele?" aliuliza. "Wataingia, mama. Waachie, kisha punguza mwendo kidogo ujenge nafasi yako upya. Kila anayeingia anakugharimu sekunde mbili." Nilimweleza pia kwamba nafasi hiyo humlinda hata aliye nyuma yake, kwa sababu humwezesha kupunguza mwendo taratibu badala ya kusimama ghafla.

Saa 12 jioni niliandika ripoti ya kampuni. Kijana wa ABS nimependekeza arudie zoezi la breki. Yule mzee nimependekeza aongoze mijadala ya wenzake, kwa kuwa wanamsikiliza. Pendekezo la kwanza kabisa, lililotangulia majina yote, ni kwamba ratiba ya magari ya usiku ipangwe upya kabla hajaletwa dereva mwingine uwanjani kwangu.