Bibi na majibu ya DNA

Leo nyumbani Tukuyu kumetokea kioja.

Mtoto wa shangazi amerudi likizo kutoka Uingereza na majibu ya DNA. Alitema mate kwenye kichupa, akayatuma kwa posta, wakamletea ripoti ya hatari zake za magonjwa ya uzeeni. Imo jeni ya APOE, ambayo aina yake ya e4 huongeza uwezekano wa kupata Alzaima, ule ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu.

Anayo nakala moja ya hiyo e4.

Akatusomea kwenye simu, sauti imemkauka. Mvua inapiga bati, Bibi anamenya ndizi za mchana.

"Mjukuu wangu, hiyo simu inasema utakufa lini?"

"Haisemi, Bibi."

"Sasa imekuambia nini?"

Tukacheka wote, isipokuwa yeye. Kidole chake kilikuwa kinapandisha na kushusha mstari uleule mmoja.

Nikajaribu kumtuliza (nafundisha baiolojia, mnivumilie). Utafiti wa mapacha wa Denmark wa mwaka 1996 ulionyesha jeni zinaeleza kama robo tu ya tofauti za urefu wa maisha kati ya watu. Tena data nyingi za utabiri huu ni za watu wenye asili ya Ulaya, kwa sisi Waafrika unayumba. Na wengi wenye nakala moja ya e4 hawaugui Alzaima kabisa.

Akaitikia kwa kichwa. Muda si mrefu, kaifungua tena.

Mimi sipimi ng'o! Mama kanishangaa, anasema heri kujua mapema mtu apange mambo yake.

Wewe ungepima? Na majibu ungewaambia wa nyumbani?